Mshipa wa Mguu Unapohamishiwa Moyoni
Mgonjwa aliyepandikizwa mshipa wa mguu moyoni, ili damu ipite kando ya mishipa iliyoziba, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, anaporudi nyumbani Tabora, huulizwa: umeshapona, dawa za nini tena? Swali hilo ni la hatari. Mshipa huo wa mguu ni vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, na vena imezoea shinikizo dogo la damu. Ikibebeshwa kazi ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni kwa shinikizo kubwa, damu yaweza kuganda humo mwezi wa kwanza. Baadaye ukuta hunenepa, mafuta hujikusanya, na kufikia miaka 10 karibu nusu ya vena hizo huwa zimeziba. Ateri ya kifuani, ikitumika badala ya vena, hudumu zaidi, kweli, ila mara nyingi haitoshi kwa mishipa yote iliyoziba. Basi aspirini na dawa za kolesteroli alizoandikiwa ziendelee. Na tumbaku, hata kama ndiyo inayolipa ada za watoto wilayani Urambo, asiivute.