Kuchagua Vitambaa vya Kuuza Maonyeshoni



Twashukuru kupewa nafasi ya kueleza jinsi tunavyochagua vitambaa, na mafungu ya vipande vya kushonea mfarishi, ambavyo Chama Kikuu chetu hupeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane.

Mwaka wa kwanza tulichagua kwa macho tu. Tulipenda kitambaa chekundu kilichokoza, tukakifunga pamoja na cheupe. Bibi mmoja akanunua, akashona majuma matatu, akafua mara moja. Vipande vyeupe vyote vikaingia wekundu. Tulimrudishia fedha zake, lakini kazi ya mikono yake hatukuweza kuirudisha.

Tangu hapo twafuata kanuni tatu. Kwanza, kila kitambaa hukatwa kipande, kikalowekwa katika maji ya moto yenye sabuni, kisha kikaanikwa juu ya cheupe. Kikichuja rangi, hakiendi. Pili, vitambaa vya fungu moja sharti viwe vya pamba tupu na uzito mmoja, kwani chepesi kikishonwa na kizito hukunjamana. Tatu, doti nzima ya kanga haikatwi: mnunuzi huitaka pamoja na pindo zake, mji wake na jina lake.

Ndugu wakulima, ninyi mwajua kwamba pamba fifi ikichanganywa na pamba safi, mzigo wote hushuka thamani. Vitambaa navyo ni vivyo hivyo. Mnunuzi hamjui aliyefunga fungu. Alijualo ni jina la Chama.