Laptopu Inapokataa Kuwaka kwa Flashi: Mada kwa Mafundi na Walimu wa Tehama wa Kibondo na Kasulu

Utangulizi

Mpaka mwaka 2022 Kasulu na Kibondo zilikuwa zikipata umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO. Mwaka huo gridi ya Taifa ikafika, wakati ambapo shughuli nyingi zilikuwa zimekwishahamia kwenye kompyuta. Mwalimu mkuu husajili watahiniwa wa darasa la saba kwa mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na zahanati huandika mapato na matumizi yake kwenye FFARS. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, Vodafone Foundation na UNHCR wameanzisha madarasa ya kidijiti yenye tableti, laptopu na projekta. Mashine moja ikigoma mahali kama hapo, wanaokwama ni wengi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kuendelea. Laptopu za mitumba zisizotimiza masharti hayo zinabaki na njia ya Linux, na zinazotimiza zinaweza kupigwa Windows 11. Kwa vyovyote vile, fundi atashika flashi, na mara nyingi mashine itamkatalia.

Hoja ya mada hii ni moja: flashi ikikataliwa, mara nyingi hakuna kifaa kilichokufa. Flashi imeandaliwa kwa namna ambayo mashine haiitambui au haiiamini, na sababu yake inapatikana kwa kukagua kwa mpangilio, jambo moja kwa wakati.

Mashine inatafuta nini

Laptopu za zamani hutumia BIOS. Hiyo husoma sekta ya kwanza ya flashi, yenye baiti 512, na kuangalia kama mwishoni mwake kuna alama inayoonyesha kuwa hapo pana kitu cha kuwashia. Laptopu za karibuni hutumia UEFI, ambayo haishughuliki na sekta hiyo. Yenyewe hutafuta sehemu iliyoumbizwa kwa FAT32, huingia folda la EFI, kisha BOOT, na humo husaka faili la BOOTX64.EFI.

Tofauti hiyo ndiyo chimbuko la malalamiko mengi. Katika Rufus, programu ya kuandalia flashi, ile iliyoandaliwa kwa mpango wa MBR kwa ajili ya BIOS itakataliwa na mashine ya UEFI tupu, na ile ya GPT kwa ajili ya UEFI haitawaka kwenye mashine ya BIOS. Intel ilikwishatangaza kuwa ingeachana na njia ya zamani ya BIOS ifikapo mwaka 2020, kwa hiyo laptopu nyingi mpya haziwezi tena kurudi kwenye njia hiyo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata mashine inayosumbua. Flashi ichomekwe kwenye kompyuta nyingine nzima na folda lake lifunguliwe. Kama fundi anakuta faili moja tu kubwa la ISO, basi flashi ilinakiliwa, haikuandikwa, na haitawaka popote. Anayetumia programu kama Ventoy, inayowasha ISO moja kwa moja, ndiye anayeruhusiwa kuacha faili la ISO hivyo lilivyo, tena baada ya Ventoy yenyewe kusakinishwa kwenye flashi.

Flashi yenyewe

FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na faili kuu la Windows 11 ndani ya ISO, install.wim, linavuka kiwango hicho. Anayevuta mafaili kwa mkono hufika hapo akakwama. Programu ya Microsoft ya kuandaa flashi, inayohitaji flashi ya angalau GB 8, huepuka tatizo hilo kwa kutumia faili lililobanwa zaidi. Rufus hutumia NTFS na kuongeza kipande kidogo cha kuisaidia UEFI isome NTFS. Kabla ya toleo la 3.17 kipande hicho hakikuwa na saini ya Microsoft, kwa hiyo Secure Boot, ulinzi unaoelezwa hapa chini, hukikataa. Mwenye Rufus ya zamani atalaumu flashi bure; asasishe Rufus kwanza.

ISO ya Windows 11 inazidi GB 5. Kwa mtu anayepakua kwa bando la simu, mtandao ukikatika katikati anaweza kubaki na faili bovu lenye sura ya faili zima. Njia ya uhakika ni kulinganisha alama ya SHA-256 iliyotolewa na mwenye programu na ile ya faili lililopakuliwa. Windows ina amri ya certutil kwa kazi hiyo, na Linux ina sha256sum. Dakika chache za kulinganisha zinaokoa bando la pili.

Zipo pia flashi bandia. Juu imeandikwa GB 64, ndani ina GB 8 au pungufu, na kinachoandikwa kupita hapo kinapotea bila onyo. Programu ya H2testw au F3 hufichua udanganyifu huo kwa kuijaza flashi yote na kuisoma upya.

Mashine inapokataa flashi nzima

Flashi ikithibitika kuwa nzima, fundi anahamia kwenye mashine. Windows 10 na 11 zina uwashaji wa haraka unaofanya kuzima kwa kawaida kusiwe kuzima kamili, na kitufe cha menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia kikapuuzwa. Dawa yake ni kushika Shift huku ukichagua kuwasha upya, au kuzima kabisa. Kwenye Dell na Lenovo kitufe cha menyu mara nyingi ni F12, kwenye HP ni F9 na kwenye Asus ni Esc. Baadhi ya kibodi hutaka Fn ishikwe pamoja nacho.

Menyu ikifunguka na flashi ikaonekana lakini mashine ikatoa onyo la usalama, kinachohusika ni Secure Boot. Ulinzi huu hukagua saini ya programu ya kuwashia. Ventoy ikiwashwa kwa mara ya kwanza kwenye mashine yenye ulinzi huo huomba ufunguo wake uandikishwe kupitia skrini ya bluu. Asiyejua huzima mashine akidhani imeharibika. Agosti 2024 sasisho la Windows lilifanya baadhi ya kompyuta zikatae Linux zenye programu ya kuwashia ya zamani, zikiwemo flashi zilizokuwa zikifanya kazi siku moja kabla. Suluhisho mojawapo lilikuwa kupakua ISO mpya zaidi. Hali kama hiyo inaweza kujirudia, kwa sababu vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vinaanza kuisha muda wake Juni 2026, na vya mwaka 2023 ndivyo vinavyochukua nafasi.

Kabla ya kuzima Secure Boot, mwenye mashine aulizwe kuhusu BitLocker, ufungaji wa diski wa Windows. Badiliko hilo dogo linaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye nao anaweza kupoteza mafaili yote, na kwa shule au zahanati hasara hiyo ni nzito kuliko bei ya laptopu.

Kuna kesi moja ya mwisho inayochanganya: flashi inawaka, lakini kisakinishi kinasema hakuna diski. Kwenye laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, sababu mara nyingi ni VMD, kidhibiti cha diski cha Intel. Kisakinishi kipewe draiva yake kutoka kwa mtengenezaji, na diski isitangazwe kufa kabla ya hapo.

Mapendekezo

Kila meza ya fundi iwe na flashi tatu zilizojaribiwa: Windows kwa UEFI, Windows kwa BIOS, na Linux ya karibuni. Flashi ijaribiwe kwenye mashine nzima kabla ya ile mbovu. Mabadiliko ya BIOS yaandikwe daftarini, moja moja, pamoja na hali iliyokuwapo mwanzo. Mafaili ya mteja yanakiliwe kwanza, na ufunguo wa BitLocker uwe mkononi. Mafundi na walimu wa Kibondo na Kasulu wanaombwa washirikishane ISO zilizohakikiwa, ili GB 5 zilizopakuliwa mara moja zihudumie wilaya nzima, na laptopu isisafirishwe kwenda Kigoma mjini au Mwanza kwa kosa linalorekebishika papo hapo.