Dirisha la Malipo katika Hospitali za Kanisa



Historia ya miaka mia husimuliwa kwa majina ya wachungaji na kwa mwaka ambao kengele ilipandishwa mnarani. Makarani hawatajwi. Hata hivyo, Matema na Itete upande wa Mbeya, na Ilula upande wa Iringa, zisingeweza kutibu watu kama asingekuwako mtu wa kuketi nyuma ya dirisha dogo na kitabu chake cha stakabadhi.

Tatizo lake ni la zamani. Mkulima wa mpunga wa Kyela hushika fedha baada ya mavuno, na malaria haingoji mavuno. Mlima vitunguu wa Ilula yuko vivyo hivyo. Mgonjwa hutibiwa, deni huandikwa, lakini dawa za kujazia kabati hununuliwa kwa fedha taslimu. Misaada ya marafiki wa ng'ambo iliziba sehemu ya pengo. Nayo haiji kila mwisho wa mwezi kama mishahara inavyodaiwa.

Mwaka 1993 hospitali za Serikali nazo zilianza kuwachangisha wagonjwa. Mwaka 2001 ukaanza Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwanza kwa watumishi wa Serikali, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitolewa na mwajiri. Sasa mwalimu aliweza kufika na kadi tu. Karani naye akapata kazi mpya: fomu ya madai. Namba ya kadi, ugonjwa, vipimo, dawa, saini ya mgonjwa, saini ya tabibu. Dawa isipolingana na ugonjwa ulioandikwa, au saini ikisahauliwa katika zamu ya usiku, Mfuko hukata. Dawa imekwisha kunywewa, fedha haiji. Kwa hiyo muuguzi anayejaza fomu vema hulilinda kabati la dawa kuliko kufuli. Ukaguzi huo huwaudhi matabibu. Lakini faili linalosomeka humfaa mgonjwa pia.

Wakulima je? Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996, ulipoboreshwa mwaka 2018 uliitaka kaya ya watu hadi sita kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kaya nyingi zilibaki nje. Mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Anabaki bibi mzee asiye na kadi wala mtoto wa kumlipia. Sera ya Taifa humsamehe mzee wa miaka 60 asiye na uwezo. Lakini pasipo mkataba kati ya hospitali ya kanisa na halmashauri, msamaha huo hulipwa na hospitali yenyewe. Karani humwambia, "Shikamoo bibi, pita kwa daktari," kisha huandika jina lake katika daftari la madeni, akijua kwamba ukurasa huo hautafutwa na mtu isipokuwa sharika zikiugawana wakati wa sadaka ya mavuno, magunia yakiwa bado mlangoni.