Jina la Baba katika Daftari la Vizazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lunga Lunga



Nimeombwa niseme machache juu ya kuandikisha mtoto aliyezaliwa na wazazi wasiooana. Najua wengi wetu hupenda jambo hili lizungumzwe ndani, mlango umefungwa. Lakini mtoto hufika umri wa shule, na mwalimu huuliza cheti chake mbele ya watu. Basi afadhali tulizungumze sisi kwanza.

Sheria ya Kuandikisha Vizazi na Vifo ilianza kutumika Kenya mwaka 1928. Kifungu cha 12 kilikataza mtu kuandikwa kuwa baba wa mtoto, isipokuwa baba na mama waombe pamoja, au uletwe ushahidi kuwa wameoana kwa sheria au kwa mila. Mama aliyekwenda peke yake aliandikiwa jina lake, na mahali pa baba pakatiwa alama za X. Mwaka 1959 palitungwa sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba ili atoe fedha za matunzo. Bunge likaifuta mwaka 1969, na mle Bungeni wakati huo hamkuwa na mwanamke hata mmoja. Sina haja ya kueleza zaidi.

Tarehe 26 Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi iliyoletwa na mama mmoja, akasema kifungu kile, kwa jinsi kilivyoandikwa, kinapingana na Katiba ya 2010. Ibara ya 53 ya Katiba humpa mtoto haki ya malezi ya baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Msajili akapewa siku 45 aweke utaratibu wa kuyaandika majina ya akina baba hao. Wala mtu asidhani kuwa sasa mwanamke aweza kutaja jina lolote likaandikwa. Baba akikubali, waende wote wawili na vitambulisho vyao. Akikana, hapana budi uletwe ushahidi, na mahakama yaweza kuamuru kipimo cha vinasaba.

Hapa kwetu mpakani jambo hili lina uzito kuliko kwingine. Horohoro ni pale tu, na vijana wetu hupendana na wa ng'ambo kama walivyofanya babu zao. Ibara ya 14 yasema raia kwa kuzaliwa ni yule ambaye mama au baba yake ni raia siku anapozaliwa, awe amezaliwa Kenya au nje. Mama akiwa Mkenya, mtoto ameshika uraia kwa mama. Lakini tuseme mama ametoka Tanga, na baba ni kijana wa Vanga. Mtoto huyo ni Mkenya kwa upande wa baba tu. Upande huo ukiachwa mtupu daftarini, atafika miaka 18, aende kuomba kitambulisho, aulizwe maswali ambayo mama yake hana la kuyajibu. Tuliwaona ndugu zetu Wamakonde wa Kwale walivyokwenda kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi Oktoba 2016 kudai vitambulisho. Shida yao ilikuwa na asili nyingine, lakini adha ya kukosa karatasi ni ile ile.

Sasa nitasema neno ambalo baadhi ya mama zetu hawatalipenda. Iko desturi ya bibi kujiandikisha kuwa ndiye mama wa mjukuu wake, ili kumsitiri binti arudi shule. Wengine huandika jina la mjomba mahali pa baba. Nia ni njema, nakiri. Lakini kusema uongo mbele ya msajili ni kosa la sheria, na tena aliyemzaa mtoto hugeuzwa dada yake. Siku binti huyo atakapokuwa na nyumba yake na kutaka kumchukua mwanawe, hatakuwa na hata mstari mmoja wa kumtetea. Kulisahihisha daftari ni kazi ndefu kuliko kuliandika.

Wazee wa dini wameniuliza kama kumwandika baba ni kumfanya mtoto mrithi. Daftari huandika nani kazaliwa na nani, lini na wapi. Haliandiki ndoa wala haligawi mali. Habari ya urithi ina mahakama zake. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya familia ya Kiislamu, kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao. Najua uamuzi huo haukupokewa vyema na wote, nami nawaachia wenye elimu hiyo.

Mtoto akizaliwa hospitali, taarifa hujazwa pale pale. Akizaliwa nyumbani, nendeni kwa naibu wa chifu. Msiondoke bila karatasi ya kuonyesha kuwa mmeandikisha. Fanyeni hivyo kabla ya miezi 6 kupita, kwa kuwa baada ya hapo huitwa kuchelewa, na karatasi zinazotakiwa huongezeka. Kadi ya kliniki itunzwe. Baba anayefanya kazi mbali apelekewe habari mapema, apate kuomba ruhusa.

Nitakaa kwenye meza ile ya karibu na mlango baada ya chai, kwa wale wanaotaka kuuliza kwa faragha.