Mkopo Utukute Kazini



Kuna vikundi hapa Ruiru vinavyongoja mkopo ndipo vianze kazi. Hebu niwaeleze juu ya Mama Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, mchoraji wa picha za ukutani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alihamia Kitengela, wakati huo nyika tupu, akaanza kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi. Vipande hukatwa kufuata mchoro, kisha hushikanishwa kwa madini ya risasi. Hata vioo vilivyotupwa viliyeyushwa, vikawa mali. Na ufundi huo hakuuficha, aliwafunza wengine.

Sasa tujiulize: sisi tunatupa nini? Tumemfunza nani kazi? Mkopo uje, lakini utukute tumeshaanza.