Kabla ya Ubunge, Kijiji

Walimu wapya mnaohitimu hapa Chuo cha Ualimu Kinampanda, hongereni.

Najua wapo kati yenu wanaoutamani ubunge. Siwakatazi. Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 akashika siasa. Magufuli alifundisha kemia na hisabati Sengerema kabla ya kuingia siasa. Lakini leo natamani tuitazame njia ya Mheshimiwa Kassim Majaliwa, kwa kuwa hakuruka ngazi. Mzaliwa huyu wa Ruangwa alisomea ualimu Mtwara, akafundisha, kisha akawa katibu wa mkoa wa Chama cha Walimu. Mwaka 2006 akapewa ukuu wa wilaya ya Urambo, kwa jirani zetu wa Tabora. Mwaka 2010 akachaguliwa mbunge, akawa Naibu Waziri TAMISEMI upande wa elimu. Novemba 2015 akawa Waziri Mkuu, kwa miaka kumi. Aliyempokea kijiti ni Mwigulu Nchemba, mtoto wa hapa hapa Iramba.

Mimi kinachonigusa zaidi ni ile kazi ya ukatibu. Katibu wa chama cha walimu hushinda na shida za watu: huyu hajapandishwa daraja, yule hajalipwa fedha za uhamisho. Aliyepita hapo, akifika TAMISEMI, hahitaji kuelezwa mwalimu analia nini.

Nanyi mnakokwenda kazi hiyo ipo. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati ya shule. Akiomba msaada wa kuandika muhtasari, usikwepe. Andika nani kaahidi tofali, nani mchanga, na lini. Alizeti ikishauzwa na ahadi zikidaiwa, daftari la muhtasari huo ndilo litakaloulizwa.

Kisha kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau kila miezi mitatu. Mapato na matumizi yakisomwa, mzee akainuka kuuliza fedha za darasa zimeishia wapi, anataka hesabu, hataki ngonjera. Kijana anayeweza kumjibu kwa heshima na kwa tarakimu, huyo akigombea udiwani kesho, kura yangu anayo.

Basi mkiripoti vituoni, mkishaonana na mwalimu mkuu, piteni ofisi ya mtendaji wa kijiji. Msalimieni, jitambulisheni, mumuulize mkutano mkuu ujao ni tarehe ngapi.