Kiti Kifuatacho Cheo



Nimepewa kazi ya kusema nanyi juu ya jambo moja litugusalo sote, ingawa ni wachache walifikirio. Jambo lenyewe ni hili: mtu kukaa katika baraza naye hakuchaguliwa, wala hakuitwa kwa jina lake, ila ameingia kwa sababu anacho cheo kingine. Mwalimu Mkuu akaa katika kamati ya skuli kwa kuwa ni Mwalimu Mkuu. Padre aongoza baraza la mtaa kwa kuwa ndiye Padre wa mtaa. Hakuna aliyempigia kura. Kiti kilikuwapo kikimngoja kabla hajafika, na siku atakapoondoka kitamngoja mwenziwe. Watu wa sheria humwita mjumbe wa namna hii mjumbe kwa wadhifa wake. Mimi leo nitasema tu, kiti cha cheo.

Sisi watu wa Unguja neno letu baraza lina maana mbili. Kwanza ni kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, kama tuvionavyo katika njia zote za Mji Mkongwe, majirani wakikaa jioni kunywa kahawa na kupeana habari. Pili ni mkutano wa watu wakatao shauri. Katika baraza ya mlangoni mtu hukaa apatapo nafasi, wala haulizwi amekuja kwa njia gani. Lakini katika baraza la shauri kila kiti kina asili yake, na asiyeijua asili ya kiti chake hawezi kukikalia vema.

Asili hizo ni tatu. Yuko aliyechaguliwa: huyu ametumwa na watu, na kwa watu atarudi kujibu. Yuko aliyeteuliwa: huyu ameletwa na mkubwa aliyemtaja jina. Na yuko aliyeingia kwa cheo: huyu ameletwa na kazi yake. Wote watatu huketi meza moja, na huenda wote hupiga kura sawasawa, hata mgeni asiweze kuwapambanua. Walakini hawakutoka mahali pamoja, wala hawatajibu mahali pamoja.

Basi tutazame habari za nchi yetu wenyewe, maana hapa Unguja twaweza kujifunza jambo hili bila ya kusafiri.

Mwaka 1914, zamani za Seyyid Khalifa bin Harub, liliwekwa Baraza la Himaya. Sultani ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na Balozi Mkazi wa Kiingereza makamu wake. Lakini baraza lile lilikuwa la kutoa shauri tu, halikuwa na nguvu ya kutunga sheria. Mwaka 1926 likaondolewa, yakawekwa mabaraza mawili: Baraza la Utendaji, mwenyekiti wake Sultani, na Baraza la Kutunga Sheria, mwenyekiti wake Balozi Mkazi. Angalieni, ndugu zangu: hata wenyeviti wenyewe walikaa kwa cheo. Balozi mmoja akirudi kwao Uingereza, aliyekuja badala yake alikuta kiti tayari, ingawa pengine alikuwa hajapata kuiona Unguja maishani mwake.

Chini ya mwenyekiti huyo, katika Baraza la Kutunga Sheria, walikaa kwa vyeo vyao Katibu Mkuu wa Serikali, Mwanasheria Mkuu na Mweka Hazina. Pamoja nao walikuwapo watumishi wengine wa serikali walioteuliwa. Kisha wakaja wajumbe wasio wa serikali, nao pia kwa kuteuliwa: Waarabu, Wahindi na Mzungu. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Ilipita miaka 20, mpaka 1946, ndipo alipoteuliwa Mwafrika wa kwanza, Sheikh Ameri Tajo. Miaka 20 sheria zilitungwa juu ya karafuu na nazi, na wengi wa wale wachumao karafuu na kuangua nazi hawakuwa na mtu wao barazani.

Wazee wetu walisema, Wengi wape. Lakini katika baraza lile wengi hawakuwa wengi wa nchi. Walikuwa wengi kwa hesabu ya viti. Watumishi wa serikali walizidi wajumbe wengine, na mtumishi wa serikali hakuwa na ruhusa ya kupiga kura kinyume cha serikali yake. Kwa hiyo neno lolote lililotakwa na serikali lilipita, hata kama wajumbe wengine wote walilikataa.

Mwezi wa Julai 1957 ndipo watu wa Zanzibar walipopiga kura mara ya kwanza kuchagua wajumbe. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 6 tu. Baraza zima lilikuwa na wajumbe 25: watumishi wa serikali 13, na wasio wa serikali 12, ambao nusu yao ndio hao waliochaguliwa. Fanyeni hesabu, walimu, mwafundishe na watoto: kumi na tatu kwa kumi na mbili. Serikali ilifungua mlango, ikashika komeo. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Bwana Abeid Amani Karume aliingia kwa kura za watu wa Ng'ambo. Na yule Sheikh Ameri Tajo, aliyeingia mara ya kwanza kwa kuteuliwa, sasa aliingia kwa kuchaguliwa. Ni mtu yule yule, na baraza ni lile lile, lakini asili ya kiti ilikuwa nyingine. Mwaka 1946 aliitwa na serikali. Mwaka 1957 alitumwa na watu. Toka hapo viti vya kuchaguliwa viliongezeka: 22 katika uchaguzi wa Januari 1961, 23 katika ule wa Juni mwaka huo huo, na 31 mwaka 1963.

Huenda mtu akasema, Basi kiti cha cheo ni kitu kibaya, na kiondolewe kabisa. Sivyo, ndugu yangu. Nchi nyingi zilizojitawala zimevibakiza viti hivyo, kwa kuwa vina kazi yake. Hata leo Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar ni mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kwa wadhifa wake, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Muungano ni mbunge kwa wadhifa wake. Sababu yake ni wazi. Watungao sheria wahitaji karibu nao mtu aijuaye sheria, wamwulize hapo hapo, naye ajibu hapo hapo. Katika viti vingi ni kiti kimoja tu, hakiwezi kuzizidi kura za watu. Kwa upande mwingine, zamani Wakuu wa Mikoa walikuwa wajumbe kwa vyeo vyao, katika Bunge la Muungano na katika Baraza la Wawakilishi pia. Leo kwa cheo hicho hawaingii tena. Ilionekana kwamba si vema mtu awe mtendaji mkoani, kisha aketi miongoni mwa wale wanaopaswa kumwuliza juu ya utendaji wake.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: viti vya cheo ni vingapi, na vinafanya kazi gani? Chumvi kidogo huutia mchuzi ladha. Ikizidi, mchuzi haunyweki.

Sasa nataka mwone jambo la pili, nalo ni kwamba kiti cha cheo huondoka pamoja na cheo. Ulipofanyika Muungano mwaka 1964, Rais wa Zanzibar alikuwa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mzee Karume alikishika kiti hicho mpaka alipouawa tarehe 7 Aprili 1972. Aliyerithi uongozi wa Zanzibar, Sheikh Aboud Jumbe, alirithi na umakamu. Naye alipojiuzulu Januari 1984, aliviacha vyote viwili pamoja, na Mzee Ali Hassan Mwinyi akavipokea vyote viwili pamoja. Kamba ilikuwa moja. Ukiivuta ncha hii, na ile yaja.

Lakini vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, wenye akili waliuliza: Itakuwaje Rais wa Zanzibar akiwa wa chama kimoja, na Rais wa Muungano wa chama kingine? Je, yule atakuwa makamu wa huyu, naye ni mpinzani wake? Basi mwaka 1994 Katiba ya Muungano ikabadilishwa. Kuanzia uchaguzi wa 1995 Makamu wa Rais hupigiwa kura pamoja na Rais, kama mgombea mwenza. Rais wa Zanzibar naye akapewa kiti kingine kwa cheo chake, nacho ni ujumbe katika Baraza la Mawaziri la Muungano. Wapo Wazanzibari walioliona badiliko hili kuwa limepunguza heshima ya Zanzibar, na wapo walioliona kuwa la lazima, na hoja hii bado husikiwa katika baraza za Unguja na Pemba. Mimi sikuja kuihukumu. Nataka mwone tu kwamba kiti cha cheo si jambo dogo la makarani. Nchi nzima yaweza kujipima heshima yake kwa kiti kimoja.

Na huko ng'ambo ya bahari? Katika Bunge la Uingereza, upande wa Malodi, wamo maaskofu 26 wa Kanisa la Uingereza. Watano miongoni mwao, yaani Maaskofu Wakuu wa Canterbury na York, na Maaskofu wa London, Durham na Winchester, hukaa kwa sababu ya majimbo yao. Askofu akistaafu hutoka, na ajaye baada yake katika jimbo lile huingia. Wako Waingereza wasemao kwamba haifai watu wa dini moja wawe na viti visivyopigiwa kura katika kutunga sheria za wote, na wako wasemao kwamba sauti hiyo yahitajiwa. Mwaona kwamba swali letu si la Waswahili peke yao.

Sasa nirudi nyumbani, kwa walimu na kwa mabaraza yetu ya mitaa, maana huko ndiko wengi wetu tulikopewa viti vya cheo. Nina maneno matatu.

La kwanza, tusikiite chetu. Nguo ya kuazima haisitiri. Mwalimu Mkuu akihamishwa kutoka Makunduchi kwenda Mkokotoni, kiti chake katika kamati kinabaki Makunduchi. Kitabu cha mikutano, ufunguo wa kabati, daftari la fedha, hivyo vyote si mizigo yake ya safari. Avikabidhi mbele ya mashahidi, kwa orodha, siku ile ile. Kamati nyingi zimeharibika kwa sababu mtu alihama, na vitabu vikahama naye.

La pili, tuseme lile ambalo cheo chetu chalijua. Mwalimu aliingizwa katika kamati kwa kuwa ajua idadi ya watoto, na ni nani asiyekuja darasani, na ni dari gani ivujayo. Akinyamaza juu ya hayo, akaja na maneno ya kumpendeza mwenyekiti, kiti chake kimekuwa bure. Tena ayaseme kama mwalimu, asijifanye ametumwa na wazazi. Wazazi wanao wajumbe wao, waliowachagua kwa midomo yao wenyewe. Mwenye kiti cha cheo akisema, Wazazi wote wataka hivi, amechukua kisicho chake.

La tatu, na hili ndilo zito, tujihesabu. Katika kila baraza la mtaa na kila kamati ya skuli tuchukue karatasi, tuandike majina katika safu tatu: waliochaguliwa, walioteuliwa, na walioingia kwa vyeo. Kisha tujumlishe. Tukiona safu ya kwanza ni fupi kuliko nyingine mbili zikijumlishwa, tujue kwamba tunalo baraza la mwaka 1926 katikati yetu, hata kama tunaliita la watu. Wakubwa watakuwa wanasema na wakubwa, nao watashangaa kwa nini wazazi hawaji mkutanoni, na kwa nini mchango hautimii. Mtu hachangii kwa moyo shauri ambalo hakuwamo.

Kazi hii ya kuhesabu haihitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Yahitaji karatasi, kalamu na moyo wa kweli. Na zaidi yatupasa sisi wenye vyeo tuianze, tusingoje kuulizwa. Ikionekana kwamba tumezidi, tuombe wenyewe wachaguliwe wengine, wanawake kwa wanaume, mpaka hesabu ikae sawa. Cheo chetu hakitapungua kwa hilo. Mwalimu Mkuu atabaki Mwalimu Mkuu, na Padre atabaki Padre, na neno lao litasikiwa zaidi kwa kuwa litasikiwa na watu waliokuja kwa haki yao.

 Walimu watakaoitengeneza orodha hiyo, na waisome mbele ya wazazi katika mkutano ujao wa skuli.